Nionjee Chumvi

Vijana wangu, Mchungaji ameniambia kwamba mmeamua kupika kila Ijumaa na kuwapelekea chakula watu wanaouguza wagonjwa wao hospitalini. Aliniomba niwaandikie ninayoyajua kuhusu kupikia watu wengi, kwa kuwa nimestaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika jiko la hospitali ya misheni hapa Kisumu. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Halafu Jumapili mmoja wenu akanionyesha fomu mliyoandaa. Ina mahali pa jina, mahali pa nambari ya simu, na chini kabisa kuna swali: "Je, umekula leo? Ndiyo au Hapana." Hapo nikajua barua yangu itakuwa ndefu kuliko nilivyopanga.

Lakini kwanza uji, maana najua mtauharibu. Unga wa wimbi ukorogeni kwenye maji baridi mpaka ulainike, ndipo muumimine kwenye maji yanayochemka huku mwenzenu akikoroga bila kupumzika. Anayetupa unga mkavu kwenye maji ya moto atapata mabonge, na mabonge ya sufuria ya watu mia hakuna awezaye kuyatoa. Nilifanya hivyo wiki yangu ya kwanza. Wodi nzima ya wanaume iliniita Bwana Mabonge, hata mmoja aliyeletwa akiwa hajitambui alizinduka akalikuta jina hilo, naye akaniita vilevile.

Sukuma wiki ikatwe nyembamba na iingie mwisho. Omena, wale dagaa wetu wa ziwa, ioshwe kwa maji moto mara tatu, ikaangwe kavu, ndipo nyanya ifuate. Na mwiko wa mbao usilazwe ndani ya sufuria, utaungua nanyi mtanusa moshi kwenye ndengu. Chumvi ina habari yake, tutaifikia.

Mjue pia kwamba mtachekwa, hasa ninyi wavulana. Kwetu Seme wakati ule mwanamume hakuingia jikoni mwa mkewe hata kuchukua kiberiti. Nilipopata kazi nilimwambia baba nimeajiriwa hospitalini, basi. Akawatangazia majirani kwamba mwanawe ni daktari. Nilimwacha hivyo miezi minne, Mungu anisamehe, mpaka siku alipokuja na mzee mwenye jipu ili nimtibu. Wakanikuta nimevaa aproni, jasho linanitoka, ninasonga ugali. Baba alitazama mwiko, akanitazama mimi, kisha akamwambia yule mzee, "Huyu ni daktari wa tumbo." Tangu hapo watu wakaniita Jatedo, yaani mpishi kwa Kijaluo, na mpaka leo nikipita Kondele kuna watu wasiojua kwamba nina jina lingine.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Rispa, mkuu wa jiko letu. Sisi tulimwita Nyar Ugenya, binti wa Ugenya, kama tunavyowaita wanawake kwa kwao walikozaliwa. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto aliweka mkono juu ya jiko baridi akasema, "Bwana, leo pia." Ombi lote lilikuwa hilo. Mimi niliyekuwa mwanakwaya, niliyejua kuomba mpaka watu wabadilishe mguu wa kusimamia, nililiona ombi fupi mno kwa mwanamke mkristo. Siku hizi naomba hilohilo.

Sasa niwaeleze kosa langu, maana ndilo mnalotaka kulifanya ninyi, tena kwa kulipiga chapa.

Alikuja mwanamume mmoja kutoka Muhoroni, Mzee Okech, mkata miwa. Mkewe, Mama Akoth, alilazwa kwa ugonjwa wa moyo, miguu imevimba, pumzi inamwishia akisema maneno matatu. Walikuwa wawili tu, watoto hawakujaliwa kupata; Akoth ni jina lake mwenyewe, na Mama ni heshima. Mzee alikaa kwenye benchi la veranda mchana kutwa, mkongojo kando, kofia kwenye goti, akisubiri saa ya kuruhusiwa kumwona. Chakula cha hospitali ni cha mgonjwa. Anayeuguza hujitafutia, na wa karibu huletewa na nduguze. Muhoroni si karibu, na Mzee Okech hakuwa na wa kumletea.

Siku ya pili nilimwona akinywa maji ya mfereji kwa muda mrefu kuliko mtu mwenye kiu. Moyo wangu ukaniuma kwelikweli. Nikachukua sahani, nikajaza ugali na maharagwe, nikatoka nayo mpaka verandani, mbele ya watu wote, nikiona jinsi ninavyofanana na mafundisho ya Jumapili. Nikamwambia kwa sauti, "Mzee, umekula?"

Watu wakageuka. Mzee Okech akavaa kofia yake kwanza, ndipo akanijibu.

"Mimi nimeshiba, bwana. Hata leo nimekula mingi sana. Peleka hiyo kwa mgonjwa."

Nikarudi na sahani yangu. Siku ya tatu nikauliza tena, akashiba tena. Siku ya nne aliinuka kwenda kumwona mkewe, magoti yakakataa, akaanguka mlangoni pa wodi kama gunia. Walimwinua wakampa maji yenye sukari. Alikuwa hana ugonjwa wowote.

Nilimweleza Mama Rispa nikitarajia anipongeze kwa kuwa nilijaribu. Aliacha kukata vitunguu.

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza mara mbili, Mama."

"Yawa! Wewe ulizaliwa wapi? Mgeni akiingia kwa mama yako, mama yako anauliza kama amekula?"

Mnajua kwetu ilivyo. Mgeni akiingia, moto unawashwa. Hakuna anayemuuliza, kwa sababu mtu mzima mwenye heshima zake akiulizwa kama ana njaa, jibu ni moja tu, na anayeuliza analijua. Kuuliza ni namna ya kunyima huku ukionekana mkarimu. Mimi nilijua hayo tangu utotoni, lakini nilipovaa aproni ya hospitali niliyaacha nyumbani.

"Umemfunza mzee wa watu kusema uongo," Mama Rispa akasema, "halafu umemwacha aanguke nao." Akanawa mikono, akatoka mpaka kwenye benchi. Nilimfuata kwa nyuma nione. Hakubeba sahani. Alisimama mbele ya Mzee Okech, mkono kiunoni kama mtu mwenye shida.

"Jaduong', mzee wangu, nisaidie. Mimi niko na homa, pua imeziba, sisikii ladha yoyote. Na hapa wote ni vijana, ulimi yao imeharibiwa na soda. Kuja unionjee chumvi."

Mzee alisitasita. "Mimi niingie jikoni? Mwanaume?"

"Si kupika. Ni kuonja. Mfalme huonjewa na nani, si wanaume? Kuja."

Akaja. Mama Rispa akamketisha kwenye kigoda karibu na mlango wa nyuma, akampa sahani kamili, ugali umeinuka kama mlima, maharagwe yanatiririka pembeni. Kwetu jikoni hiyo ndiyo iliyoitwa kuonja. Mzee akala kijiko kimoja, akafumba macho, akafikiri kama hakimu.

"Imepungua kidogo," akasema.

Mama Rispa akashika kichwa. "Uliona? Ningeaibika leo." Akarushia sufuria chembe tatu za chumvi, akamwongezea sahani. "Onja tena."

Nilipopata nafasi nilimwambia, "Mama, wewe ni mzee wa kanisa. Na hiyo homa?" Homa yenyewe nilikuja kuijua vizuri, maana ilidumu miaka yote niliyofanya kazi naye na ilimshika tu akiona mtu mwenye njaa. Akanijibu bila kugeuka kwamba habari ya homa atazungumza na Bwana wake mwenyewe, lakini kuhusu chumvi hakudanganya. "Kila ulimi uko na chumvi yake. Mimi najuaje ya huyo mzee?"

Basi ikawa kila siku saa sita Mzee Okech anakuja kuonja. Alinawa, akavua kofia, akaketi. Jibu lake lilikuwa lilelile, imepungua kidogo, nasi tunaongeza, naye anaonja tena mpaka sahani inang'aa. Alianza kutupa na maoni mengine: maharagwe ya leo yalitaka moto mdogo, hii sukuma ni ya jana. Mashavu yalirudi. Nilimwona akitembea wima kwenda wodini, naye Mama Akoth akaacha kulia akimwona, kwa sababu kumbe alikuwa akilia kwa vile mumewe alivyokonda. Nilimpenda mzee yule. Na sitawaficha, nilijiona mwerevu. Niliamini tumemchezea mchezo mzuri na yeye hajui.

Sasa chumvi. Hospitali ina wagonjwa ambao chumvi ni sumu kwao, watu wa presha, wa figo, wa moyo. Mama Akoth alikuwa mmoja wao. Kwa hao tulipika sufuria ya pekee, na ili tusichanganye, tulifunga kitambaa chekundu kwenye mkono wa sufuria hiyo. Wapishi wote walijua: penye chekundu, chumvi haikaribii. Ladha tuliitafuta kwa ndimu, nyanya na dania. Wagonjwa wengi hawakutushukuru. Mama Akoth alisema maharagwe yetu ni kama kutafuna gazeti.

Wiki moja Mama Rispa alikwenda likizo kwao, mimi nikashika jiko. Na msimamizi wa lishe, Madamu Florence, alikuwa amenipa onyo. Alimkuta Mzee Okech kwenye kigoda, akaniambia kwa sauti ya chini, ile ya hatari, kwamba jikoni haingii mtu wa nje, kwa ajili ya usafi, na nikirudia nitafute jiko lingine. Nyumbani Kaloleni nilikuwa na mke na watoto wanne. Nikaahidi. Kesho yake saa sita mzee akabisha mlango wa nyuma, nami sikuweza kumwambia asiingie. Nikahamisha kigoda nyuma ya magunia ya mkaa, nikadhani nimemaliza kazi.

Siku ninayoisimulia, kila kitu kilikwenda haraka. Vitambaa vilikuwa vimefuliwa asubuhi, nami nikavirudisha kwenye sufuria baada ya kutia chumvi, huku nikibishana na mwuza makaa. Chakula kikaiva. Troli ya wodi ya moyo ikapakiwa, ikasukumwa nje. Mzee Okech akaja, akanawa, akaketi nyuma ya magunia.

"Leo sitaki hii yetu," akasema. "Nipe ile ya mama. Anasema ni gazeti. Nataka nijue mke wangu anakula nini."

Nikachota yaliyobaki kwenye sufuria ya kitambaa chekundu. Akala kijiko kimoja. Akala cha pili.

"Hii ni tamu," akasema. "Iko na chumvi."

Nikacheka. Nilimjua Mzee Okech kwa adabu zake. "Asante, Mzee. Wewe una moyo mzuri."

"Jatedo. Iko na chumvi."

"Sawa, Mzee, nimesikia." Nikageuka kuosha miko.

Akaweka sahani chini na kusimama. Nilikuwa sijawahi kumsikia akipandisha sauti, siku hiyo alipandisha.

"Omera, ndugu yangu, nisikie! Siku zote mimi nacheza na wewe. Chumvi yenu ilikuwa sawa tangu siku ya kwanza. Leo sichezi. Hii iko na chumvi, na imeenda kwa mke wangu."

Nikachovya kidole. Maharagwe yalikuwa ya chumvi ile ya kawaida, niliyoitia kwa mkono wangu. Nilifunga kitambaa kwenye sufuria isiyo yake.

Nilikimbia. Mpishi mnene akikimbia kwenye korido ya hospitali, watu hudhani jiko linaungua. Nilimpita daktari, nikampita Madamu Florence mwenyewe, nikaikuta troli imeshaingia wodini na sahani ya kwanza iko mikononi mwa Mama Akoth. Kijiko kilikuwa njiani. Nilimpokonya sahani mgonjwa, vijana, kama mwizi wa sokoni, nikasimama pale nikihema kuliko yeye.

"Leo ilikuwa inanukia vizuri," Mama Akoth akasema kwa huzuni.

Nilipogeuka, Madamu Florence alikuwa mlangoni. Nikamweleza kosa la kitambaa. Akauliza swali ambalo nililiogopa: "Nani aligundua?"

Ningeweza kusema ni mimi. Neno lilikuwa limefika mdomoni, na lingeniachia kazi yangu. Lakini mzee alikuwa ameacha uongo wake wa heshima, uliomlisha siku zote hizo, kwa ajili ya mkewe. Nikaona aibu kuushika mimi wangu kwa ajili ya aproni. Nikasema, "Ni Mzee Okech wa Muhoroni, Madamu. Yuko jikoni. Huonja kila siku."

Alitembea mpaka jikoni, mimi nyuma yake nikipanga jinsi ya kumwambia mke wangu. Mzee alikuwa bado amesimama kando ya magunia, kofia mikononi.

"Mzee, unafanya nini jikoni mwangu?"

"Naonja chumvi, Madamu."

Madamu Florence akachukua kijiko, akaonja sufuria ya chekundu, akaonja nyingine, akarudia. Kisha akafungua kabati, akatoa aproni safi na kofia ya nailoni.

"Mwonjaji hawezi kukaa jikoni bila kofia," akasema. "Kesho nikimkuta bila kofia, Jatedo, wewe ndiye nitakayemfukuza." Akatoka. Juma lile alileta sufuria nyeupe za enameli kwa wale wa bila chumvi, vitambaa vikaisha, na mtindo huo ndio mpaka leo. Kigoda nacho kilibaki. Baada ya Mzee Okech waliketi wengine, wake kwa waume, nasi hatukukosa mwonjaji.

Mama Akoth alitoka hospitalini akitembea kwa miguu yake. Mzee aliniaga kwa kunishika mkono kwa mikono miwili. Nikamuuliza, kama ulijua, mbona ulikuwa unasema imepungua? Akashangaa kwamba simwelewi. "Sasa mtu anakupea chakula na yeye anaogopa kukuaibisha. Wewe utakosa kumpea kitu?"

Nilirudi ndani nikalia, na sikuwa nikikata vitunguu. Nilikuwa nimejihesabu mimi ndiye mtoaji.

Mengine mnayajua. Mwaka uliopita mke wangu, Min Akinyi, yaani mama yake Akinyi, alilala katika Bwana. Mlikuja, mliimba, mlibeba viti, Mungu awabariki. Matanga yakaisha, wanangu wakarudi makazini, nikabaki na nyumba. Mpishi wa watu mia sikujua kumpikia mtu mmoja. Nilikuwa nikipima unga, naona mwingi, napunguza, mwisho narudisha wote kwenye debe. Nanyi mlinitembelea, nakumbuka, mlikuwa watatu, mkakaa vizuri mkaniuliza, "Mzee, umekula?" Nikawaambia nimeshiba. Mkaomba, mkaondoka. Nilikuwa nimetoboa mkanda tundu jipya wiki hiyo.

Siku mbili baadaye, asubuhi, boda boda ikasimama nje. Akashuka mzee mwenye mkongojo, amekumbatia hotipoti iliyofungwa kwa leso. Habari za msiba zilikuwa zimechelewa kufika Muhoroni. Hakunipa pole mlangoni. Aliingia, akaketi, akafungua leso, akaondoa kifuniko. Ugali, na maharagwe.

"Jatedo," akasema, "ulimi yangu imezeeka. Nionjee chumvi."

"Mama Akoth amepika?"

"Mama macho yake ni mabaya sasa. Mimi ndiye napika, tangu tutoke hospitali kwenu. Hata majirani walicheka, wakachoka."

Nikala kijiko kimoja. Vijana wangu, hakukuwa na chembe ya chumvi. Miaka yote hiyo amempikia mkewe bila chumvi mpaka yeye mwenyewe amesahau kwamba duniani kuna chumvi. Lilikuwa ni gazeti, sawasawa kama Mama Akoth alivyosema. Nikafumba macho, nikafikiri kama hakimu, machozi yakipita yanakotaka.

"Imepungua kidogo," nikasema.

Mzee Okech akachukua sahani yangu. "Basi nikuongezee, uonje tena."

Nilionja mpaka hotipoti ikabaki tupu.

Kwa hiyo fomu yenu itieni kwenye jiko, inawasha moto vizuri. Simu zenu pia ziacheni mfukoni, mtu hapigwi picha akionja. Ijumaa nitapita nione hayo mabonge. Lakini msiniulize kama nimekula.